Sweta la Mtoto na Maneno ya Majirani

Kipupwe kikiingia Umatengoni, huku milimani Mbinga, swali ni lile lile, na huja kwa sura mbili. Mama mwenye mtoto mchanga anauliza: nimvalishe nini mtoto ili nisisengenywe kwenye benchi la kliniki? Jirani, wifi au mama mkwe naye anauliza: nikimwona mtoto wa mwenzangu miguu mitupu saa moja asubuhi, ukungu bado haujapanda, ninyamaze au niseme? Wote wawili wanajua kwamba huku kwetu watu humtazama mtoto alivyovaa, kisha wakamhukumu mama yake papo hapo.

Niseme msimamo wangu mapema. Nguo za mtoto kazi yake ni kumkinga na baridi, joto, mbu na uchafu. Zikiifanya kazi hiyo, mzazi ametimiza wajibu wake, ziwe za dukani, za mtumba au kipande cha kitenge cha bibi. Zisipoifanya, mtoto anahitaji msaada siku hiyo hiyo, na umbeya haujawahi kumpasha mtu joto.

Naandika nikiwafikiria watu wa Mkumbi, Litembo na Mbinga mjini kwa upande wa juu, na wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi kwa upande wa Ziwa Nyasa. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay haizidi sana kilomita 66, lakini unaondoka umejitanda shali na kufika unatafuta kivuli cha mwembe. Mtoto aliyevikwa vizuri kwa Mkumbi anaweza kuwa amevikwa vibaya kwa Mbamba Bay mchana wa siku ile ile. Tuanzie hapo.

Nguo zinaeleza nini hasa

Zinaeleza mambo kadhaa, na machache sana kati ya hayo yanahusu mapenzi ya mzazi:

- Msimu wa pesa. Huku juu baridi kali ni Juni na Julai, na ndio wakati wa kuchuma kahawa. Buni inachumwa, inamenywa, inaoshwa, inaanikwa kwenye vichanja, inapelekwa chama cha msingi, kisha inasubiri mnada. Mtoto aliyezaliwa Mei anakutana na baridi ya mwaka mzima kabla senti ya kahawa haijaingia nyumbani. Ukimwona Krismasi amevaa vipya kuanzia kofia hadi soksi, usiseme mama yake sasa amejifunza kulea. Malipo yametoka, basi.
- Nani alimvika asubuhi hiyo. Mara nyingi ni dada yake wa darasa la tatu, mama akiwa ameshatangulia shambani.
- Alikotoka. Familia iliyopanda kutoka ziwani kuja msibani haina masweta ya watoto, kwa kuwa kwao hayana kazi.
- Kilichokuwepo mnadani siku ya mtumba. Mtoto wa kiume mwenye kofia ya waridi ana joto kichwani. Mjadala uishie hapo.

Yapo ambayo nguo haziwezi kueleza kabisa: kama mtoto ananyonya vya kutosha, kama amepata chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kama anakua. Mkoa wetu wa Ruvuma unavuna mahindi hadi kulisha mikoa mingine, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 36 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani hapa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Udumavu hauonekani chini ya gauni zuri. Unaonekana kwenye kadi ya kliniki, pale nukta za uzito na urefu zinapoacha kupanda.

Na hapo kliniki ndipo maneno huanzia. Mtoto huvuliwa ili aingizwe kwenye suruali ya mizani, na benchi zima linaona kilichokuwa ndani. Tazama siku moja kwa makini. Huyu shali lake la juu ni jipya, linameremeta, lakini fulana ya ndani imelowa mkojo na mgongo wake ni wa baridi. Yule anafunuliwa kitenge kilichopauka, ndani ana vifulana viwili vya pamba, vikavu, na tumbo lake ukiligusa ni la moto kama la mama yake. Benchi linamsifu wa kwanza. Muuguzi anayejua kazi yake anahangaika na wa kwanza.

Kumvalisha mtoto wa milimani, hatua kwa hatua

1. Nguo ya kwanza ni ngozi ya mama. Mtoto akizaliwa hukaushwa mara moja, hulazwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, huvikwa kofia, na wote wawili hufunikwa pamoja. Kumwogesha kusubiri saa 24. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka, na joto lake la kawaida, likipimwa kwapani, ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo ananyonya kwa shida, na asiponyonya anazidi kupoa.

2. Mvike tabaka. Nguo nyembamba mbili au tatu hushika joto kuliko moja nene, kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayohifadhi joto. Faida nyingine: unaweza kupunguza moja jua likitoka. Kanuni rahisi ni tabaka moja zaidi ya ulizovaa wewe ukajisikia vizuri.

3. Pamba ndani, sufu nje. Sufu na nailoni zikigusa ngozi ya mtoto mchanga humwasha, na nailoni haifyonzi jasho.

4. Mguse, usikisie. Gusa tumbo, kisha gusa nyayo. Tumbo na nyayo vyote vina joto: yuko sawa. Tumbo lina joto, nyayo ni baridi: baridi imeanza kumwingia, ongeza tabaka na soksi. Tumbo lenyewe ni baridi: mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike, mnyonyeshe, na msipoona mabadiliko haraka mpelekeni kituo cha afya. Mtoto wa siku chache aliyepoa na hataki kunyonya asisubiri asubuhi. Huyo aondoke huku amefungwa kifuani kwa mama.

5. Saa sita mvue. Huku juu asubuhi ni ukungu na mchana ni jua kali. Wengi humvika mtoto saa kumi na mbili asubuhi, wakamfunga mgongoni, wakachuma kahawa hadi saa nane bila kumpunguzia hata kofia. Ukipumzika kula, gusa shingo yake kwa nyuma. Ikiwa na jasho, vua tabaka moja.

6. Nepi ikilowa, joto limekwisha. Masweta matatu juu ya nepi iliyolowa hayana maana. Ukienda shambani beba nepi kavu kabla ya kubeba shali la ziada.

Mtoto njiti ana habari yake. Hospitali zetu huwafundisha akina mama kumbeba kwa njia ya kangaruu: mtoto ana nepi, kofia na soksi tu, amelazwa wima kifuani kwa mama, kisha wote wanafungwa nguo moja. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na uhaba wa mashine za kutunzia njiti, na leo inatumika duniani kote. Mama akiruhusiwa kurudi nyumbani huendelea nayo, na hapo ndipo mashangazi hushtuka: mtoto mdogo hivi, wa baridi hii, uchi kifuani? Shangazi, huyo ndiye aliyevikwa vizuri kuliko watoto wote wa kitongoji. Usimwambie mama amtoe. Baba naye anaweza kupokezana, kifua chake kina joto lile lile.

Makosa yanayofanywa kwa nia njema

Haya nayaandika kwa msisitizo, kwa sababu wanaoyafanya ni wale wale wanaosifiwa kwa kumjali mtoto.

- Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Ni hatari kuliko baridi yenyewe. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Ota moto jikoni au nje, pasha chumba mkiwa macho na mlango wazi, kisha litoe jiko kabla ya kulala. Hata likionekana limefifia, litoe. Angalia pia shali la nailoni lisining'inie karibu na moto, maana nailoni huyeyuka na kugandia kwenye ngozi.

- Kumfunika uso. Kwenye mbeleko au kitandani, pua na mdomo viwe wazi. Ukimbeba mgongoni na kanga juu ya kichwa chake, simama mara kwa mara mtu akuchungulie. Kitandani mlaze chali, blanketi liishie kifuani, mito na mashali ya ziada yakae mbali naye. Kofia ndani ya nyumba ni ya njiti na wa wiki za mwanzo. Mkubwa kidogo akilala amefunikwa vizuri haihitaji, kwa sababu kichwani ndiko anakotolea joto likizidi.

- Kumwongezea nguo mtoto mwenye homa. Mtoto anachemka, watu wanasema anasikia baridi, wanamrundikia blanketi. Joto linapanda zaidi. Mpunguzie nguo abaki na moja nyepesi, mnyonyeshe, na mpeleke zahanati akapimwe malaria na mengineyo. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa hatibiwi kwa kukisia nyumbani.

- Kumviringisha kama mzigo, miguu imenyooshwa. Nyonga za mtoto zinataka miguu iliyokunjwa na kupanuka, kama anavyokaa kwenye mbeleko. Mbeleko ya bibi ilikuwa sahihi. Ukimviringisha usiku, bana mikono ukipenda, miguu iache huru.

- Ncha za kanga kwenye bodaboda. Kitenge kinachoning'inia nyuma ya pikipiki hunaswa na tairi au mnyororo, mama na mtoto wakang'olewa. Kabla hujapanda, chomeka ncha zote. Upepo wa kuteremka mlima ni mkali kuliko wa kutembea kwa miguu, kwa hiyo kofia na soksi zivaliwe kabla ya safari.

Utasema: mbona bibi zetu walikuwa wakiwasha moto ndani na hatukufa? Nyumba nyingi za zamani ziliezekwa nyasi na moshi ulipenya kwenye paa. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati na dirisha la kioo haipumui vile.

Ukishuka ziwani

Hapa hukumu hugeuka. Mtu wa Mbinga akifika Liuli na kukuta mtoto wa miezi minane amevaa nepi tu chini ya mwembe, husema wazazi wa ziwani hawajali. Wa ziwani naye akimwona mgeni amemfungia mtoto sweta saa saba mchana, anashangaa kwa nini anamtesa. Wa ziwani ana haki ya kushangaa.

Kwenye joto lile, mtoto anahitaji nguo moja ya pamba iliyolegea, au nepi peke yake akiwa kivulini. Vipele vidogo vyekundu shingoni na kwapani ni vya joto. Mvue, mwogeshe maji ya kawaida, mkaushe, usimpake mafuta mazito juu yake. Aliye chini ya miezi sita usimpe maji kwa sababu ya joto, mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Kinachonitia wasiwasi ziwani ni jioni. Jua likizama mbu wanatoka, na hapo ndipo mtoto avae mikono mirefu na suruali nyepesi, kisha alale ndani ya chandarua chenye dawa. Wajawazito hupewa chandarua hudhurio la kwanza la kliniki, na mtoto hupewa cha kwake anapokwenda chanjo ya surua ya miezi 9. Chandarua hicho kikigeuzwa wavu wa kuvulia dagaa au uzio wa bustani ya mchicha, mtoto amevuliwa nguo yake muhimu kuliko zote. Nikilazimika kumpima mzazi wa ziwani kwa vazi la mtoto, nitatazama chandarua, si kofia.

Upepo wa Mwera ukivuma katikati ya mwaka, usiku hata ziwani huwa na ubaridi. Tabaka la pili linatosha.

Anayesafiri kati ya juu na chini afungashe hivi: nguo nyepesi ndani, sweta na soksi juu, na mfuko mtupu wa kuwekea vinavyovuliwa njiani. Gari linapoanza kuteremka, anza kuvua.

Mtumba, nguo za kurithi na nepi

Usione haya mtumba. Kinachotakiwa ni uangalifu kabla mtoto hajauvaa:

- Nguo inayonuka vidonge vya nafthalini, vile vyeupe vya kufukuza mende na nondo, isiguse mtoto mchanga kabla ya kufuliwa na kuanikwa juani hadi harufu iishe kabisa. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu fulani kwenye damu, na upungufu huo si wa nadra katika nchi zenye malaria. Kwao nafthalini huvunja chembe za damu na kuleta manjano makali. Usiweke vidonge hivyo kwenye sanduku la nguo za mtoto pia.
- Fua kwa sabuni isiyo kali, suuza mara mbili, anika kwenye kamba na juani. Usitandaze kwenye nyasi wala ukutani. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na mchanga, na funza wake huingia kwenye ngozi na kuota kama jipu. Pasi ya moto huua mayai hayo, kwa hiyo piga pasi mpaka kwenye mishono. Usipokuwa na pasi, hakikisha nguo imekauka kabisa juani na uikunje uiweke ndani.
- Vuta kila kifungo. Kinacholegea, kikate au ukishone upya, maana mtoto akikimeza kitamkaba. Kamba za shingoni zitoe kabisa.
- Soksi zigeuze ndani nje. Uzi uliokatika huzunguka kidole cha mguu na kukikata damu bila mtu kujua kwa nini mtoto analia.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa nguo za watoto wachanga naomba tuwapinge. Sweta la miezi mitatu huvaliwa wiki chache, likawa dogo, likawekwa sandukuni kuliwa na mende. Wanawake wa kitongoji kimoja wakizungusha masweta matano, kofia tano na mashali matatu kutoka mtoto hadi mtoto, hakuna anayehitaji kusubiri mnada wa kahawa. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa mnacho tayari. Ongezeni sanduku moja la nguo, mwekeeni daftari, na mwenye mimba ya miezi minane achague kwanza.

Kuhusu nepi, pampasi siku hizi imegeuka cheo. Ina kazi yake, hasa safarini na usiku. Lakini mtoto aliyekaa na pampasi moja kutoka asubuhi hadi jioni ili mama aonekane wa kisasa, anachubuka. Vipande vya kanga chakavu vilivyofuliwa vizuri na kubadilishwa kila vinapolowa ni bora kuliko pampasi isiyobadilishwa. Kitovu kikiwa bado hakijadondoka, kunja nepi ipite chini yake ili kibaki kikavu. Na plastiki ya kufunga juu ya nepi usiitumie usiku kucha.

Shanga, hirizi na wanja ni mambo ya familia, na sitaingia kugombana na bibi ya mtu. Naomba mambo mawili tu. Kisifungwe kitu chochote shingoni mwa mtoto anayelala, kwa kuwa kinaweza kumnyonga. Kikiwepo, kifungwe kiunoni kwa kulegea na kipimwe upya anavyonenepa. Na wanja wa unga usipakwe machoni, kwa kuwa baadhi yake una madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto.

Nguo ya ubatizo

Familia zinakopa kwa ajili ya siku hii. Kanisa Katoliki linataka vazi jeupe kama ishara, na kipande cha kitambaa cheupe safi kinatimiza ishara hiyo. Gauni la satini lenye tabaka tatu za nailoni, Januari, kanisa limejaa, ni adhabu kwa mtoto. Mvike pamba nyeupe ya kuazima, na fedha iliyobaki nunua mayai na karanga za lishe ya nyumbani.

Ukisemwa wewe

Wengi huniambia hawana cha kujibu, wakanyamaza, wakaenda kulia nyumbani. Jibu kwa heshima, na umkabidhi anayesema kazi ya kufanya:

- Kwa mama mkwe: "Asante mama. Hebu mguse tumboni uniambie, ana baridi?" Akigusa, mambo mawili yanaweza kutokea. Atakuta joto na kutulia, au atakuta baridi na wewe utakuwa umesaidiwa.
- Kwa wifi au jirani anayesema mbele za watu: "Ni kweli, sweta limembana. Mwanao amelivua la miezi sita? Naomba niazime." Mara nyingi maneno huishia hapo, na mara nyingine unapata sweta.
- Kwa mtu mzima usiyemjua, stendi au kliniki: "Shikamoo mama. Nimeambiwa na nesi nimpunguzie, ana homa." Sema hivi ikiwa ni kweli.

Na usimrundikie mtoto nguo ili kuziba midomo ya watu. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi. Mama anajua kabisa mtoto anatoka jasho, lakini anaogopa benchi.

Ukitaka kusema wewe

Sikwambii ufumbe macho. Mtoto akiwa na baridi kweli, kunyamaza si adabu. Fanya hivi:

1. Mtazame mtoto kabla ya nguo. Anacheka, ananyonya, midomo ina rangi? Basi huna dharura.
2. Sema faraghani. Mvute mama pembeni au umfuate kwake jioni.
3. Nenda na kitu mkononi. "Mama fulani, hili limembana wangu, nikaona lisiharibike" ni sentensi ambayo haijamdhalilisha mtu yeyote.
4. Toa ujuzi badala ya lawama. Mwonyeshe kugusa tumbo na nyayo. Mama wa mtoto wa kwanza huenda hajaonyeshwa na mtu.
5. Mwambie na baba. Huku kwetu mtoto akipendeza, sifa ni za ukoo. Akiwa na kofia iliyotoboka, lawama ni za mama peke yake, na pesa ya kahawa au ya dagaa iko mfukoni mwa baba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inaorodhesha mavazi pamoja na chakula, malazi, matibabu na elimu kama haki ya mtoto kutoka kwa mzazi au mlezi wake. Haikumtaja mama peke yake.

Kwenu wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao ninawaheshimu sana: mkimfokea mama mbele ya foleni kwa sababu ya nguo za mtoto, anaweza asirudi wiki ya 10. Atasubiri hadi apate nguo nzuri, na chanjo itampita mtoto. Mwambieni chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Pale nguo zinapokuwa dalili kweli

Utauliza: sasa nitatofautishaje umaskini na kutelekezwa? Mpelekee mama nguo kavu na uangalie wiki mbili. Mwenye shida ya pesa atamvika mtoto siku hiyo hiyo. Ukikuta nguo zimekaa kwenye mfuko ule ule na mtoto bado amelowa, tafuta sababu nyingine, na tafuta kwa upole:

- Mama hatazamani na mtoto, hali vizuri, analia au amenyamaza tu tangu ajifungue. Hiyo yaweza kuwa sonona ya baada ya uzazi, nayo inatibika. Msindikize kituo cha afya, wewe ukiwa umembeba mtoto.
- Mtoto ana vidonda vya nepi vinavyonuka, au anazidi kukonda. Kwa aliyetimiza miezi sita, mhudumu wa afya ana utepe wa kupimia mkono. Ukisoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali na apelekwe siku hiyo.
- Mama ana alama za kipigo, au anasema pesa yote imefichwa. Hapo tatizo limevuka sweta. Mweleze afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.
- Mtoto anaachwa peke yake kutwa nzima, au na mtoto mwenzake asiyeweza kumbeba.

Usipojua pa kuanzia, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure. Taja kijiji, kitongoji na ulichokiona kwa macho yako: mtoto amelowa tangu lini, amekonda vipi, amebaki na nani. Maneno uliyoyasikia kisimani yaache kisimani.